Ujira wa Fundi na Gari la Marhumu



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Juma hili tunaiweka kando mada ya malezi tuliyokuwa nayo, kwa kuwa imetufikia barua ambayo haifai kungoja. Mwenye barua ametuidhinisha kuieleza habari yake bila ya kutaja majina, kwa matumaini kwamba familia nyingine zitanufaika.

Barua yenyewe

Dada yetu huyu anaishi mkoani Tanga. Baba yake alifariki dunia miezi saba iliyopita, na wazazi wa marhumu walikuwa wamekwisha kutangulia. Amewaacha mjane mmoja, wana watatu wa kiume na mabinti wawili. Mwana wa mwisho ana umri wa miaka 12. Miongoni mwa mali alizoziacha marhumu ni Land Rover ya zamani, toleo la tatu, ya mwaka 1976, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikibeba machungwa na nazi kutoka shambani, na siku za Ijumaa ikiwabeba wazee wa mtaa kwenda msikitini.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa kabla ya mauti ya mzee. Gia ya pili ilikuwa ikitoka yenyewe, na sanduku la gia, au giaboksi kama wasemavyo mafundi, lilikuwa likilia. Kaka wawili wakubwa wakamwita fundi aliyekuwa rafiki wa marhumu, mtu wa mtaa huohuo. Fundi akaliendesha gari hadi mwisho wa barabara na kurudi, akasema: "Laki sita, siku nne." Akapewa 400,000 za kuanzia.

Siku nne zikawa wiki tano. Kisha fundi akapeleka ujumbe kwamba anadai 900,000 zaidi. Kaka mdogo kati ya wale wawili akamwita mwizi mbele ya watu barazani. "Tangu siku ile," anaandika dada yetu, "fundi haswali nasi tena. Alikuwa akisimama safu ya kwanza, pembeni mwa mahali alipokuwa akisimama baba. Mama analia, anasema mume wangu hakuwahi kugombana na mtu huyu kwa miaka thelathini, sasa wanangu wamemfukuza msikitini kwa ajili ya chuma."

Anauliza mambo mawili: Je, wamlipe? Na fedha hizo zitoke wapi?

Kabla ya kumjibu tulimwomba atuletee habari tatu: maneno halisi yaliyosemwa siku ya mapatano na waliokuwapo, vipuri vya zamani vilivyotolewa vipo wapi, na siku ngapi fundi alizifanyia kazi, mbali na siku alizokuwa akisubiri. Amefanya hivyo kwa subira kubwa, na majibu yake ndiyo yaliyotuwezesha kuandika haya.

Neno "laki sita"

Tuanze pale penye mzizi wa ugomvi. Katika sheria yetu, kumwajiri mtu akufanyie kazi ni mkataba uitwao ijara, na wanachuoni wameshurutisha kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Kama kimojawapo kimefichika, umeingia gharari, yaani utatanishi unaozaa hasara na chuki, na Mtume (s.a.w.) ametukataza biashara yenye gharari.

Tunao mfano bora katika Qur'an Tukufu. Katika Surat Al-Qasas tunasimuliwa mapatano ya Nabii Musa (a.s.) na mzee wa Madyan. Muda wa utumishi ulitajwa wazi kuwa ni miaka minane, na ikaelezwa kwamba akitimiza kumi hiyo itakuwa hisani yake mwenyewe. Kisha Musa (a.s.) akasisitiza kwamba muhula wowote atakaoutimiza kati ya hiyo miwili, asidhulumiwe. Tutazame hekima iliyomo: umetajwa muda wa chini ulio wajibu, umetajwa wa juu ulio wa hiari, na pande mbili zimeridhika kabla kazi haijaanza.

Je, "laki sita, siku nne" ilikuwa na sifa hizo? Kaka wanasema walielewa kwamba laki sita ni kila kitu, vipuri na ufundi. Fundi anasema alikusudia ufundi, beringi mbili na sili za mafuta, kwa kuwa hayo ndiyo masikio yake yalimwambia. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alilijaza lile neno kwa maana iliyomfaa. Hapakuwa na karatasi. Hapakuwa na shahidi isipokuwa kaka wenyewe. Na hakuna aliyeuliza: je, ukilifungua ukakuta zaidi?

Neno hilo halikuwa bei. Lilikuwa kadirio, tena kadirio la kitu ambacho hakuna jicho lililokiona.

Kazi ilivyo ndani yake

Huenda wapo wasomaji watakaoona ajabu kwamba safu ya familia inazungumzia giaboksi. Lakini mtu hawezi kuhukumu ujira wa kazi asiyoijua. Ndiyo maana tulikaa na mafundi wawili wazee, kila mmoja kwa wakati wake, tukawauliza kazi hii huhesabiwaje.

Land Rover zilianza kuonyeshwa kwa umma mwaka 1948, na toleo hili la tatu lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Giaboksi lake lina gia nne za mbele, na nyuma yake limefungiwa sanduku jingine linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Mzigo wote huo hautolewi kwa chini kama ilivyo kwenye magari mengi madogo. Mafundi wengi huutoa kwa juu, kupitia ndani ya gari. Hung'olewa sakafu, hung'olewa sanduku la viti, hufunguliwa propela za mbele na nyuma, breki ya mkono, vijiti vya gia na mfumo wa klachi, ndipo winchi ikainua na kulitoa mlangoni. Bodi la gari hili ni la aluminiamu na boliti zake ni za chuma; viwili hivyo vikikaa pamoja miaka mingi katika unyevu, hasa wa pwani, hushikana kwa kutu kiasi cha boliti moja kula saa nzima.

Kwa hiyo fundi muungwana huigawa kazi katika mafungu manne. La kwanza ni kutoa. La pili ni kufungua, kusafisha na kukagua. La tatu ni kuunga upya. La nne ni kurudisha, kutia oili na kujaribu barabarani. Fungu la kwanza na la nne hukadirika vizuri, kwa kuwa boliti ni zilezile katika kila gari la aina hiyo. Kinachobadilika ni kutu tu. Fungu la tatu hukadirika baada ya la pili. Na fungu la pili ndilo mlango wa ghaibu. Hakuna anayejua kilichomo mpaka afungue.

Viwandani huandaliwa vitabu vya saa za kazi, vinavyoeleza kila kazi ichukue muda gani. Vitabu hivyo hudhania gari zima, karakana yenye zana zote na vipuri vilivyo rafuni. Gari lenye umri wa karibu miaka hamsini halimo katika dhana hiyo. Anayekadiria kwa saa za kitabu pekee humdhulumu fundi, na anayekadiria bila kipimo chochote humdhulumu mwenye gari.

Hata hivyo zipo dalili zinazopunguza ujinga kabla ya kufungua. Mafundi wote wawili walitueleza kwamba saa moja ya uchunguzi ingeokoa wiki za ugomvi. Giaboksi likilia katika gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha likatulia katika ya nne, shaka iende kwenye shafti ya chini na beringi zake, kwa sababu katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja katika shafti ya juu bila ya kuilemea ile ya chini. Likilia gari likiwa limesimama bila ya gia, na mlio ukakoma klachi ikikanyagwa, shaka iende kwenye beringi ya mbele inayopokea nguvu kutoka kwenye injini. Kisha imwagwe oili na itazamwe kwenye sahani nyeupe. Chembe za rangi ya shaba nyekundu au njano ni alama ya kuliwa kwa pete za sinkronaiza, zile pete zinazolainisha kuingia kwa gia. Vipande vya chuma vinavyokamatwa na sumaku, vyenye ncha, ni habari mbaya zaidi: meno ya gia yamevunjika, na gia ndiyo kipuri ghali.

Fundi wa dada yetu hakumwaga oili. Alisikiliza tu. Hilo ni kosa lake la kwanza, na amelikiri.

Hesabu kwenye mkeka

Tulimshauri dada yetu amwombe mjomba wake, mtu anayeheshimiwa na pande zote, awaite nyumbani fundi na kaka wawili baada ya swala ya Alasiri, na fundi aje na vipuri vyote vya zamani. Mkeka ulitandikwa barazani, palepale alipotukanwa. Alivipanga kimoja kimoja. Beringi zenye makovu. Pete mbili za sinkronaiza zilizolika mpaka zikawa laini. Bushi ya shafti kuu iliyopasuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikiifanya gia ya pili itoke. Gia moja ya shafti ya chini yenye meno matatu yaliyomeguka. Na pleti ya klachi iliyobaki wembamba wa kadi.

Kisha akatoa daftari. Tunaiweka hesabu yake hapa kama ilivyoandikwa, kwa faida ya wasomaji, si kwa kuwa ndiyo bei ya kila mji.

Vipuri: beringi seti nzima 280,000, pete mbili za sinkronaiza 160,000, bushi ya shafti kuu na washa zake 150,000, gia ya shafti ya chini, ya mtumba, 120,000, sili, gasketi na oili 90,000, pleti ya klachi 130,000. Jumla 930,000.

Ufundi: siku 9 za kazi, yeye kwa 30,000 na msaidizi wake kwa 10,000 kila siku, jumla 360,000. Kukodi winchi 10,000. Jumla 370,000.

Vyote pamoja ni 1,300,000. Ukitoa 400,000 alizopewa, zinabaki 900,000, ileile aliyoidai.

Hapo ndipo kaka mkubwa alipouliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa zamani: "Kama kazi ni siku 9, wiki tano zilikwenda wapi?" Fundi akajibu kwamba siku zilizobaki alikuwa akingoja vipuri kutoka Dar es Salaam, mara mbili vikaletwa visivyofaa vikarudishwa. Siku hizo hakuzihesabia ujira. Na akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa akilijua: zile 400,000 ziliisha kwa beringi na pete peke yake, tena zikapungua 40,000, hivyo akawaomba vilivyobaki kwa mkopo dukani, kwa jina lake mwenyewe. Anadaiwa. Aliona haya kuja kuwaomba wafiwa fedha zaidi, akadhani akishamaliza na gari likatembea, furaha itarahisisha mazungumzo.

Ndugu msomaji, haya ni tabia njema, lakini haya inayoficha hesabu si mahali pake. Siku ile alipoiona bushi imepasuka, ilimpasa aziweke spana chini aje kusema. Kuendelea kununua bila ya idhini ya wenye mali kulimweka katika hatari: wapo wanachuoni, hasa wa madhehebu ya Shafi'i yanayofuatwa na wengi wetu pwani, wanaosema kwamba anayetumia kwa niaba ya mtu bila ya ruhusa hana haki ya kudai alichotumia, na wapo wanaosema jambo hilo husimama mpaka mwenye mali aridhie. Kwa vyovyote, riziki yake ilikuwa imening'inia kwenye ridhaa ya watu wengine.

Mjomba aliuliza tena kuhusu zile siku 9, na hapa tunampongeza kwa uadilifu wake. Ilidhihirika kwamba kutoa kulichukua siku moja na nusu. Kufungua, kusafisha na kukagua siku moja. Kuunga siku moja na nusu. Kurudisha siku moja na nusu. Kujaribu nusu siku. Hizo ni 6. Siku ya 7 iliishia kwenye boliti zilizoshikwa na kutu. Siku ya 8 na ya 9 zilitokana na kulitoa tena giaboksi na kulirudisha, kwa kuwa mara ya kwanza sili moja ilipachikwa vibaya na oili ikavuja.

Kutu si kosa la fundi. Ni umri wa gari, na siku hiyo ni haki yake. Lakini kurudia kazi kwa sababu ya sili iliyopachikwa vibaya ni kukamilisha kile alichokwisha kuahidi. Mwenye gari aliajiri giaboksi lisilovuja. Siku mbili hizo, 80,000, fundi mwenyewe alizifuta kabla hajaambiwa. Ufundi ukawa siku 7, yaani 280,000, na winchi 10,000, jumla 290,000. Ukijumlisha na vipuri 930,000, gharama yote ni 1,220,000. Salio likawa 820,000.

Na pleti ya klachi, ambayo hakuna aliyeiagiza? Fundi alieleza kwamba klachi imekaa kati ya injini na giaboksi; kuifikia siku nyingine kungehitaji kuifanya upya kazi yote ya kutoa na kurudisha. Kaka waliitazama ile pleti ya zamani, wakaridhia. Ridhaa hiyo ingepatikana kwa kuulizwa swali moja tu wiki nne kabla.

Pale mkataba unapoharibika kwa kutojulikana ujira, wanachuoni wameelekeza kwenye ujira wa mfano, yaani kile wanacholipwa watu wa kazi hiyo katika mji huo. Mafundi wawili tuliowauliza walisema 30,000 kwa siku kwa fundi wa kiwango hicho haina ziada. Basi jibu la swali la kwanza ni hili: mlipeni, na mlipeni haraka. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka, na imesihi katika hadithi kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Allah (s.w.) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.

Haki ya yatima

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Fedha zitoke wapi?

Kaka walidhani ni jambo jepesi: gari ni la marhumu, basi litengenezwe kwa mali ya marhumu kabla ya kugawa. Hapana. Mali ya maiti hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi. Deni hili la fundi si deni la marhumu. Limezaliwa baada yake, kwa amri ya warithi wawili kati ya sita. Asili yake ni juu ya walioagiza.

Tufanye hesabu ili uzito wake uonekane. Mjane ana thumni. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume akipata mafungu mawili na mwanamke moja. Wana watatu na mabinti wawili ni mafungu manane. Hivyo fungu la kila mwana wa kiume ni 7 katika 32 ya mali yote. Gharama ya 1,220,000 ikichotwa kabla ya mgao, mtoto wa miaka 12 atakuwa amechangia 266,875, kila dada 133,437 na senti, na mama yao 152,500. Mama na dada ni watu wazima. Wanaweza kuridhia au kukataa, na dada zetu wasione haya kukataa, kwa kuwa ni haki waliyopewa na Mola wao. Lakini mtoto hana ulimi katika jambo hili. Ridhaa yake haizingatiwi hata akisema ndiyo. Na sote tunajua ukali wa onyo lililomo katika Surat An-Nisaa kwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma.

Je, hakuna njia? Ipo, nayo ni maslahi. Msimamizi wa mirathi anaruhusiwa kutumia katika mali ya yatima pale ambapo yatima mwenyewe ananufaika, si kwa kukisia bali kwa hesabu. Dada yetu anasema kabla ya matengenezo walipata mnunuzi wa 3,000,000, gari likiwa limelala. Sasa linatembea, na watu wawili wenye ujuzi, kila mmoja peke yake, wamelithamini kuwa 5,000,000. Ongezeko ni 2,000,000, gharama ni 1,220,000. Kwa hali hiyo fungu la mtoto limepanda, hata baada ya kutoa sehemu yake ya gharama. Tumemshauri ayapeleke makadirio hayo kwa maandishi mbele ya msimamizi aliyethibitishwa na mahakama, na kwa shekhe wa eneo lao, ili uamuzi uwe wao na si wa kaka peke yao. Wakiona hakuna maslahi, kaka wawili walioagiza watalibeba fungu la mdogo wao.

Lakini tusijidanganye kwa kuwa mwisho umekuwa wa heri. Hesabu hii ilipaswa kufanywa kabla ya boliti ya kwanza kufunguliwa. Kama ongezeko lingekuwa 1,000,000 tu, familia ingekuwa imetumia 1,220,000 kwa ajili ya mapenzi ya gari la baba. Mapenzi hayo si haramu kwa mtu mzima anayetumia chake. Kwa mali ya mtoto hayana nafasi. Zilikuwapo njia nyingine za kuzipima: kuliuza lilivyo, kumwachia mrithi mmoja anayelitaka kwa thamani iliyokubaliwa, kisha alitengeneze kwa fedha zake, au kutafuta giaboksi zima la mtumba, ambalo ufundi wake ni wa kutoa na kufunga tu, ingawa hali ya ndani yake nayo ni ghaibu.

Kwa familia nyingine

Si kila nyumba ina Land Rover ya zamani, lakini kila nyumba ina kazi ambayo fundi hawezi kuiona mpaka afungue: paa linalovuja, friji iliyokufa, kisima kilichokauka, mashine ya kusaga. Basi tushike haya.

Fanyeni mapatano mawili badala ya moja. La kwanza ni la kufungua na kukagua, kwa ujira uliotajwa, na fundi aache hapo. Mkiona kilichomo, hesabuni, ndipo mfunge la pili la kuunga. Mkiamua kutoendelea, fundi anapewa ujira wake wa kukagua na kila mtu anakwenda zake kwa salama. Semeni pia mapema kama ujira huo wa kwanza unahusisha kuvirudisha vitu mahali pake au la.

Tenganisheni vipuri na ufundi. Tenganisheni siku za kazi na siku za kungoja. Wekeni kiwango: "Likitokea jambo linalozidi kiasi hiki, simamisha kazi utwambie." Ombeni makadirio mawili, la chini endapo mambo ni mazuri na la juu endapo ni mabaya, na mjiulize kama mnaliweza la juu. Asiyeweza la juu asianze. Ombeni mrudishiwe vipuri vya zamani. Na andikeni. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, iliyomo katika Surat Al-Baqarah, inahusu kuandika deni na kushuhudisha, wala haikuona kuwa kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana.

Kwa ndugu zetu mafundi: msione haya kusema "sijui mpaka nifungue." Neno hilo halikupunguzii heshima. Linalopunguza heshima ni bei inayotajwa ili mteja asiondoke, kisha ikaongezwa gari likiwa vipande vipande na mwenyewe hana pa kukimbilia. Hiyo ni kumweka ndugu yako katika dhiki ndipo ukamuuzia.

Na kwa yule kaka mdogo, ambaye tunajua ataisoma safu hii: deni la 820,000 limegawanywa, na dada yako ametuambia sehemu ya kwanza imekwisha kulipwa, ili fundi akapunguze deni lake dukani. Lakini neno "mwizi" lilisemwa mbele ya watu, na halilipiki kwa shilingi. Lilisemwa barazani, basi na lifutwe barazani, mbele ya walewale waliolisikia. Mama yako anangoja hilo zaidi kuliko anavyolingoja gari.

Ijumaa iliyopita, dada yetu ameandika, fundi alionekana msikitini. Alisimama safu ya nyuma.

Tunamwomba Allah (s.w.) amrehemu marhumu, aunganishe nyoyo za walioachwa, na atupe sote tawfiki ya kutimiza mapatano yetu na kulinda haki za mayatima. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.

Wabillahi tawfiq.